Nani Huichagulia Linux Programu za Ujima?

Katika makala haya tumekusudia kueleza historia ya jambo ambalo wengi wetu hulitumia kila siku pasipo kuuliza limetoka wapi: namna programu za kufanyia kazi kwa pamoja zinavyochaguliwa hata zikaingia katika mkusanyiko wa Linux. Yamkini msomaji atajiuliza, jarida la walimu wa lugha lahusikaje na mambo ya kompyuta? Lahusika sana, kwani programu haichaguliwi peke yake. Huchaguliwa pamoja na maneno yake yote, na aliyekaa mbele ya kioo huyasoma maneno hayo mara mia kwa siku kuliko anavyosoma kitabu chochote cha kiada.

Kwanza tukubaliane kuhusu jina. Programu tunazozisema ni zile ziwekazo mahali pamoja barua pepe, kalenda, kitabu cha anwani na orodha ya kazi, ili watu wa ofisi moja waone ratiba moja na wasigongane. Kiingereza kimeunda neno moja kwa jambo hili tangu mwaka 1978. Kiswahili bado kinasitasita. Sisi tunapendekeza tuziite programu za ujima. Ujima kila mwalimu anaujua: majirani wanaingia shamba la mmoja wao leo, na kesho la mwingine. Hapa Buganda watu wana desturi ya bulungi bwansi, ambapo kijiji kizima hutoka kusafisha barabara na chemchemi. Maana inakaribiana vya kutosha, na neno ni letu.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Linux. Tarehe 9 Desemba 1968, katika mji wa San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu namna watu wawili walio mbali wanavyoweza kuhariri waraka mmoja kwa wakati mmoja. Biashara ilikuja baadaye: Lotus Notes mwaka 1989, kisha Microsoft Exchange mwaka 1996. Programu hizo zilikuwa nzuri, lakini ziliuzwa kwa kuhesabu vichwa. Ofisi yenye watumishi arobaini ililipia arobaini. Kwa shule au chama kidogo cha Kampala hesabu hiyo haikuwa na mwisho mwema.

Linux nayo ilizaliwa mwaka 1991, pale Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alipotoa kiini cha mfumo na kuwaruhusu wote wakitumie na kukirekebisha. Kiini peke yake hakimfai mtu wa kawaida. Lazima apatikane mtu wa kukichukua, akiongezee programu za kuandikia, za kusomea barua, za kuchapishia, avifunge vyote na kuvitoa kama kitu kimoja. Fungu hilo ndilo tunaloliita mkusanyiko. Debian ulianza mwaka 1993. Red Hat, SUSE na mingine ikafuata. Na hapo ndipo swali letu lilipozaliwa, maana programu za barua zilikuwa nyingi na nafasi ya mbele ni moja.

Debian walijibu kwa njia ya kijamaa, kama twaweza kusema hivyo. Hakuna bwana anayetoa amri. Programu yoyote huingia mradi leseni yake itimize masharti ya uhuru ambayo jumuiya hiyo iliyaandika mwaka 1997, na mradi ajitokeze mtu wa kujitolea kuilea. Mlezi huyo huifungasha, hupokea malalamiko, hurekebisha hitilafu. Akichoka na kuondoka, programu hutangazwa kuwa yatima, na wenyewe hutumia neno hilo hilo. Yatima akikosa mlezi mwingine muda mrefu, mwisho huondolewa. Programu ya ujima, hasa ile ya upande wa seva, ni mtoto mgumu kumlea: ina hifadhidata yake, ina njia zake za kupokea barua, na kila kimojawapo kikibadilika lazima yote yapimwe upya. Basi si ajabu kuona programu bora ikikosa nafasi ilhali ya wastani yenye mlezi mwaminifu imekaa.

Wengine walichaguliwa na mkoba. Mwaka 2002 ofisi ya serikali ya Ujerumani inayoshughulikia usalama wa habari ilitaka programu ya ujima ambayo ingewafaa watumishi wanaotumia Linux na wanaotumia Windows vilevile. Ililipa, na kutokana na malipo hayo ikazaliwa seva iitwayo Kolab, pamoja na programu ya mezani iliyokuja kuitwa Kontact, ndani ya familia ya KDE. Kwa hiyo mikusanyiko iliyoipenda KDE ilipata programu ya ujima ambayo gharama zake za mwanzo zilibebwa na mlipa kodi wa Kijerumani. Hatuoni ubaya wowote katika hilo. Tungependa serikali zetu ziige.

Upande wa pili walikuwapo Miguel de Icaza na Nat Friedman, walioanzisha kampuni mwaka 1999, ikaja kuitwa Ximian. Desemba 2001 walitoa Evolution, programu iliyofanana kwa makusudi na ile ya Microsoft ili mhamiaji asijione mgeni. Evolution yenyewe ilikuwa huru, lakini kipande cha kuiunganisha na seva za Exchange kiliuzwa. Agosti 2003 Novell iliinunua Ximian. Miezi michache baadaye ikainunua na SUSE. Mwezi Mei 2004 Novell ikakiweka huru kile kipande kilichokuwa kikiuzwa. Tazama basi: nyumba moja sasa ilikuwa na wake wawili, Evolution iliyokuja na Ximian na Kontact iliyozoeleka SUSE, na uamuzi wa nani akae sebuleni ukawa wa menejimenti zaidi kuliko wa mafundi.

Oktoba 2004 ulitoka mkusanyiko ambao ndio uliotufikia sisi huku: Ubuntu, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe halikuhitaji mkalimani. Mswahili husema utu, Mganda husema obuntu, na jirani zetu wengi wa Kibantu wana neno lao la shina hilo hilo; tumewahi kulitumia darasani kufundishia ngeli ya U, na wanafunzi hawakulisahau. Hadi Aprili 2011 kampuni ya Canonical ilipeleka sidii za Ubuntu bure, kwa posta, kwa yeyote aliyeomba. Katika mji ambao kupakua megabaiti 700 kulikuwa shughuli ya usiku kucha, sidii iliyofika kwa bahasha ilikuwa na thamani kubwa.

Mwenye kuijua Kamwokya ataelewa kwa nini jambo hili liligusa mahali hapa. Mtaa wetu umekaa kando ya Kira Road, si mbali na Jumba la Makumbusho la Uganda, na ndani yake yamebanana soko, vibanda vya kuchapishia, makanisa, shule na ofisi ndogondogo za vyama. WOUGNET, mtandao wa wanawake wa Uganda ulioanzishwa mwaka 2000 ili kueneza matumizi ya teknolojia ya habari kwa wanawake, ulikuwa na ofisi zake mtaani humu. Mwaka 2010 ikaanzishwa Hive Colab, mahali pa vijana watengenezaji wa programu kukaa na kufanya kazi pamoja, nayo ikawa katika Kanjokya House. Ni mtaa wa watu wanaotumia meza moja kwa zamu. Kalenda ya pamoja si anasa kwa watu kama hao. Wala Uganda haikuwa imelala: mwanzoni mwa miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs kule Nkozi, yapata kilometa 80 kutoka Kampala, kilikwisha kuamua kuhamia programu huria.

Sasa tuje kwenye tukio ambalo kwa maoni yetu linafundisha zaidi ya mengine yote. Ubuntu walikuwa na kanuni: kazi moja, programu moja, na vyote vienee katika sidii moja. Kwa kazi ya barua waliichagua Evolution tangu toleo la kwanza. Mei 2011 watengenezaji wake walikutana Budapest, Hungaria, kupanga toleo la Oktoba, na mojawapo ya maswali yao lilikuwa hili: je, Evolution ibaki, au nafasi yake ichukuliwe na Thunderbird ya Mozilla? Thunderbird ilikubaliwa kwa masharti. Lazima ienee katika sidii, na lazima ioane na sura mpya ya mezani iliyoitwa Unity. Masharti yalitimizwa, na Oktoba 2011 toleo la 11.10 likatoka na Thunderbird.

Msomaji atazame masharti yale tena. Hakuna mahali palipoulizwa kama programu mpya ina kalenda. Na kwa kweli Thunderbird ya wakati huo haikuwa nayo. Kalenda ilikuwa kiongezo cha kando kiitwacho Lightning, ambacho mtumiaji alikitafuta mwenyewe, na hakikuja kuunganishwa na Thunderbird kama kawaida yake hadi mwaka 2015. Hivyo programu ya ujima ilipokewa nafasi na programu ya barua. Aliyekuwa na intaneti ya kasi alipakua kiongezo na kuendelea na shughuli zake. Aliyeitegemea sidii peke yake alibaki na barua bila ratiba. Hatusemi kwamba waliokaa Budapest walikuwa na nia mbaya. Walikuwa na megabaiti chache za kugawa, na mwenye sauti mkutanoni ni yule aliyeweza kufika mkutanoni.

Kisha ikatokea kinyume cha matarajio. Julai 2012, hata mwaka haujatimia, Mozilla ilitangaza kwamba inapunguza nguvu zake katika kuiendeleza Thunderbird. Programu iliyochaguliwa kwa sababu ilionekana kuwa na wazazi wenye uwezo ikajikuta nusu yatima, nayo ikaendelea kuishi kwa kulelewa na watu wa kujitolea na kwa michango, hata mwaka 2020 ikapewa kampuni yake chini ya Wakfu wa Mozilla. Oktoba 2012, Ubuntu nao wakaliacha sharti la sidii, toleo lao likazidi ukubwa wake. Sababu mbili kati ya zile zilizoamua zilikuwa zimekwisha kudhoofika, lakini uchaguzi ulibaki.

Hapa ndipo mwalimu wa lugha anapoingia. Maneno ya programu huria huhifadhiwa katika mafaili, sentensi kwa sentensi, na mwenye kutafsiri huyajaza kwa lugha yake. Mafaili ya Evolution yalikuwa ya namna moja, na ya Thunderbird ya namna nyingine. Jumuiya za watafsiri zilikuwa mbili, na taratibu zao mbalimbali. Mkusanyiko unapobadili programu, tafsiri haihami pamoja nao. Kazi ya miaka hubaki nyumba ya zamani, na nyumba mpya huanza na kuta tupu.

Ulinganishe na bahati iliyoipata kazi ya wenzetu wa Tanzania. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na IT+46 ya Uswidi, kiliendesha mradi wa Kilinux. Walianza na istilahi, jambo la busara, ndipo wakatafsiri programu. Na Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata Microsoft nayo ikatoa programu zake za ofisi kwa Kiswahili. Septemba 2010 OpenOffice iligawanyika, ikazaliwa LibreOffice, na Aprili 2011 Ubuntu wakaihama ya kwanza na kuichukua ya pili. Lakini LibreOffice ilikuwa mtoto wa OpenOffice wa kuzaa. Ilirithi msimbo, na pamoja na msimbo ikarithi maneno, Kiswahili cha Tanzania kikiwamo katika orodha ya lugha zake. Mwaka huo huo mmoja, mkusanyiko ule ule: katika kuandika, Kiswahili kilivuka na mrithi wa damu, katika ujima, nafasi ilikwenda kwa mgeni.

Tangu hapo mengi yamehamia kwenye simu na kwenye seva za makampuni makubwa ya nje, na vijana wa Kanjokya Street hawaombi tena sidii kwa posta. Hata hivyo Ubuntu bado unaitoa Thunderbird, Debian bado unatangaza mayatima wake, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mafaili ya maneno yako wazi kwa yeyote. Kanuni haijabadilika: programu huchukuliwa na mkusanyiko ikiwa ina leseni njema, ukubwa wa kadiri na mlezi, na Kiswahili huingia katika programu hiyo ikiwa nacho kina mlezi wake, mtu mwenye jina katika orodha ya watafsiri, ajibuye pale sentensi mpya zinapoletwa kabla ya kila toleo. Matoleo ya Ubuntu hutoka Aprili na Oktoba. Mwezi wa Aprili, katika kalenda ya shule za Uganda, muhula wa kwanza huwa unaelekea kufungwa.