Herufi Moja Ina Uzito Gani? Historia ya Kusahihisha Tahajia katika Programu Huria

Leo tuweke msimbo kando kidogo, tuzungumzie kazi ambayo watengenezaji wengi wa programu huiona kuwa ya chini: kusahihisha makosa ya tahajia katika nyaraka za programu huria. Mtu akileta kiraka cha kuziba tundu la usalama, anapigiwa makofi. Akileta kiraka kinachoongeza herufi moja tu kwenye ukurasa wa maelezo, wapo watakaomcheka. Je, wana haki ya kucheka? Historia ina jibu, ila si jibu la upande mmoja.

Tuanze na Unix. Kuanzia mwaka 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie waliiunda Unix wakiwa Bell Labs kule New Jersey, Marekani. Agizo la kutengeneza faili jipya walilipa jina "creat". Neno la Kiingereza ni "create", lakini ile "e" ya mwisho haikuwekwa. Miaka baadaye Thompson aliulizwa angebadilisha nini kama angeanza Unix upya, akajibu kwamba angeandika "creat" kwa "e" mwishoni. Ni mzaha, lakini mzaha wenye ukweli ndani yake. Kufikia wakati huo programu nyingi mno zilikuwa zikiliita agizo hilo kwa jina pungufu, na kulirekebisha kungezivunja zote. Hata Linux ya leo bado inalo agizo la "creat". Thompson alipata nafasi ya kuirudisha herufi yake kwingine: katika lugha ya Go, aliyoiunda pamoja na Rob Pike na Robert Griesemer na ikatangazwa na Google mwaka 2009, neno limeandikwa kamili, "Create".

Kisa cha pili kiko ndani ya kivinjari chako. Unapobofya kiungo, mara nyingi kivinjari huiambia seva umetoka ukurasa gani. Habari hiyo hupita katika heda inayoitwa "Referer". Kwa Kiingereza sahihi ingekuwa "Referrer", yenye "r" mbili katikati. Heda hiyo ilipendekezwa na Phillip Hallam-Baker wakati wavuti ikiwa bado changa, na kosa likaingia hadi kwenye RFC 1945, waraka wa Mei 1996 unaoeleza HTTP 1.0. Je, hapakuwa na programu ya kukagua tahajia? Ilikuwepo! Mwaka 1995 Roy Fielding, mmoja wa waandishi wa waraka huo, alisema kwamba programu ya spell ya Unix haikulitambua neno hilo kwa tahajia yoyote kati ya hizo mbili.

Kosa likabaki. RFC 9110 ya Juni 2022, inayoeleza HTTP ya sasa, inakiri kwamba jina limekosewa lakini inaliacha lilivyo. Heda mpya zaidi, "Referrer-Policy", imeandikwa sawasawa, kwa hiyo mtengenezaji wa tovuti analazimika kukumbuka wapi aandike kosa na wapi aandike usahihi. Akichanganya, mambo hayaendi.

Hapo kuna jambo la kushika. Kosa lililo katika jina linalosomwa na mashine huganda, maana mashine nyingine zimeshalizoea. Kosa lililo katika maelezo yanayosomwa na watu linaweza kurekebishwa leo hii bila kuvunja chochote. Kwa hiyo kusahihisha nyaraka ni kazi rahisi, lakini urahisi wake haumaanishi haina faida.

Bell Labs wenyewe walilijua hilo mapema. Katikati ya miaka ya 1970 Robert Morris na Lorinda Cherry waliandika programu iitwayo typo. Iliyapima maneno kwa kuangalia herufi mbili mbili na tatu tatu zinazofuatana, kisha ikayataja yale yaliyoonekana mageni ndani ya maandishi husika. Mwaka 1975 Steve Johnson akaandika spell: chukua maneno yote ya waraka, yapange, yalinganishe na kamusi, toa yasiyokuwemo. Baadaye Doug McIlroy aliiboresha, akawa anaondoa viambishi ili maelfu ya maneno yaenee kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu. Nyaraka za Unix ziliandikwa na watu wenye zana hizo mikononi.

Kuona kosa ni jambo moja, kulirekebisha katika programu ya mtu aliye mbali ni jambo lingine. Mwaka 1985 Larry Wall, ambaye baadaye aliunda lugha ya Perl, alitoa programu iitwayo patch. Sasa mtu aliyeona kosa hakuhitaji kutuma faili zima. Alituma mistari iliyobadilika peke yake, na mwenye programu akaibandika kama fundi nguo anavyobandika kiraka. Kiraka cha herufi moja kikawa kitu kinachowezekana.

Kiini cha Linux kilipokua, viraka vya aina hiyo vilikuwa vingi hata vikatengewa njia yake, njia ya viraka vidogo. Kwa miaka mingi mwongozo wa kutuma viraka ulitaja ni vipi vinavyokubalika huko. Vya kwanza vilikuwa masahihisho ya tahajia katika nyaraka. Vilivyofuata vilikuwa masahihisho ya makosa ya tahajia yanayoweza kuiharibu kazi ya grep.

Sharti hilo la pili lina busara kubwa. Grep ni programu ya kutafuta neno ndani ya mafaili. Tuseme unatafuta "address" katika maelfu ya mafaili, na mahali unapopahitaji pameandikwa "adress". Hutapaona kamwe. Maelezo yapo, lakini kwako ni kama hayapo. Kosa la tahajia basi linaweza kumficha mtu jibu analolitafuta, na hilo ni zaidi ya suala la sura nzuri.

Mwaka 2014 kiini cha Linux kilipata faili liitwalo spelling.txt, ambalo asili yake ni orodha ya Lintian, zana ya kukagua vifurushi vya Debian. Faili hilo halina maneno sahihi yote ya Kiingereza. Lina makosa yanayojulikana, kila kosa na sahihisho lake. Programu ya codespell nayo hufanya kazi kwa mtindo huo. Sababu yake ni kwamba msimbo umejaa majina ya ajabu yasiyo katika kamusi yoyote. Ukitumia kamusi ya kawaida utapata malalamiko mia, na tisini ni ya bure.

Lakini tusijidanganye, kazi hii ina upande mbaya pia. Hacktoberfest ya kampuni ya DigitalOcean, iliyoanza mwaka 2014, iliwazawadia fulana watu waliochangia programu huria kila Oktoba. Mwanzoni mwa Oktoba 2020 wasimamizi wa miradi walifurikiwa na mabadiliko ya hovyo: mtu anaongeza neno lisilo na maana kwenye faili la README ili ahesabiwe fulana. Tarehe 3 Oktoba sharti likabadilishwa, na tangu hapo mradi hauhesabiwi mpaka wenyewe ukubali kushiriki. Kila mchango ulihitaji mtu wa kuusoma na kuukubali au kuukataa, na muda wa mtu huyo ndio ulioliwa. Wanaocheka viraka vidogo wana sababu zao.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Leo LibreOffice inayo kamusi ya kukagua Kiswahili. Inatumia Hunspell, programu ya László Németh iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya Kihangari, lugha yenye viambishi vingi kama yetu. Bila kanuni za viambishi, kamusi ingebidi iorodheshe "ninasoma", "hatukusoma", "watakaosoma" na "yasiyosomeka" kila moja peke yake. Nani angemaliza?

Hata hivyo, kuna makosa ambayo kamusi haiwezi kuyaona. Chukua "fuata" na "futa". Tofauti ni herufi "a" moja. Mwongozo uliokusudia kusema "fuata mafaili haya kwa mpangilio" ukiandikwa "futa mafaili haya kwa mpangilio", kikagua tahajia kitanyamaza, maana maneno yote mawili ni Kiswahili safi. Msomaji mgeni atatii. Hapo herufi moja imegeuka kuwa data iliyopotea, na anayeweza kuizuia ni mtu anayesoma huku akielewa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: uzito wa sahihisho haupimwi kwa idadi ya herufi. Upime kwa msomaji atakayenufaika. Ukitaka kuanza, chagua programu unayoitumia kweli. Soma mwongozo wake mzima na ukusanye makosa pamoja, badala ya kutuma kiraka kimoja kimoja. Angalia pia kama waraka umeandikwa kwa Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani, usije ukasahihisha kisicho kosa. Usiguse majina yaliyo ndani ya msimbo kabla ya kuuliza nani anayategemea. Na ukikuta jina lililokosewa katika toleo ambalo halijatolewa, piga kelele siku hiyo hiyo, kwa sababu programu ya kwanza ikishalitumia, litakuwa "creat" nyingine.

Haya, kazi njema, na kalamu nyekundu zisikauke.