Mabomba Nyuma ya Kioo: Historia ya Tangi la Bahari Nyumbani

Samaki wa baharini akiwekwa kwenye chombo kisichopitisha maji mapya, kinachomuua mara nyingi si njaa. Ni maji yenyewe: hewa iliyomo huisha, na amonia anayoitoa kupitia mashavu yake hujikusanya mpaka ikawa sumu. Kwa matumbawe hali ni ngumu zaidi, kwani hayo yanahitaji pia mwanga mkali, mkondo usiotulia na kalsiamu ya kujengea mifupa yao. Kwa sababu hiyo historia ya akwaria ya bahari imo zaidi katika mabomba, pampu na matangi yaliyofichwa kuliko katika kioo kinachotazamwa na wageni sebuleni.

Mwanzo wake unawekwa Messina, katika kisiwa cha Sicily. Huko, mwaka 1832, Mfaransa Jeanne Villepreux-Power alitengeneza matangi ya kioo ili amchunguze argonauti, jamii ya pweza ambaye jike lake huishi ndani ya gamba jembamba jeupe. Wataalamu walibishana kama gamba hilo analitengeneza mwenyewe au analipora kwa mnyama mwingine. Villepreux-Power alithibitisha kwamba ni kazi yake mwenyewe. Alikuwa na tangi la kioo la ndani ya nyumba, na pia vizimba vya kuzamishwa baharini. Suala la kuyahifadhi maji halikumsumbua sana, maana aliishi pwani na bahari ilikuwa jirani.

Aliyelikabili suala hilo ana kwa ana alikuwa Anna Thynne wa London. Mwaka 1846 alichukua matumbawe hai kutoka Torquay, kusini mwa Uingereza, akayapeleka katika jiji lisilo na bahari karibu. Maji ya chumvi hayakupatikana kila siku, kwa hiyo ilibidi yaleyale yatumike tena na tena. Mtumishi wa nyumba alipewa kazi ya kuyamimina kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi, kwa nusu saa au zaidi kila siku, ili yachanganyike na hewa. Jina la mtumishi huyo halitajwi katika simulizi zinazorudiwa, nayo ni dhuluma, kwa kuwa mikono yake ndiyo iliyokuwa pampu ya kwanza ya akwaria ya bahari nyumbani. Mwaka uliofuata Thynne aliongeza mwani, na wanyama wake wakaendelea kuishi na hata kuzaana.

Sababu ya mwani kusaidia ilielezwa na mkemia Robert Warington. Kuanzia mwaka 1849 aliweka samaki wa dhahabu, mimea na konokono katika tangi moja la maji baridi, akaona kwamba mimea hutoa oksijeni wanayoivuta samaki, nao konokono hula majani yanayooza. Baadaye akajaribu kanuni hiyo kwa maji ya bahari. Maelezo yake yalikuwa sahihi, lakini yalikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuja kutafitiwa na mwanawe, aliyeitwa pia Robert Warington, katika kituo cha kilimo cha Rothamsted. Huyo alionyesha kwamba amonia hugeuzwa kuwa naitrati kwa hatua mbili, na kazi hiyo hufanywa na viumbe wasioonekana kwa macho. Alikuwa akishughulikia udongo wa mashamba. Ilichukua miongo mingi kwa wafugaji wa samaki kutambua kwamba alikuwa ameeleza pia kinachotokea kwenye changarawe ya matangi yao.

Muda mrefu kabla ya utafiti huo wa mwana, mapenzi ya watu kwa akwaria yalikwisha kuwaka. Kodi ya vioo ilifutwa Uingereza mwaka 1845, bei ikashuka. Treni zilileta wanyama na maji ya chumvi kutoka pwani. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la matangi, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse alichapisha kitabu chake cha akwaria, kikafuatwa na familia nyingi. Gosse pia alitoa kanuni ya kutengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi ya mezani na chumvi za magnesi na potasi. Vyombo vya zama hizo vilikuwa na sakafu ya jiwe la sleti, kioo na fremu ya chuma. Havikuwa na bomba hata moja, na vingi vilinuka ndani ya wiki chache. Madhara yalionekana mpaka ufukweni: mwanawe, Edmund Gosse, aliandika mwaka 1907 akiwahuzunikia wanyama wa vidimbwi vya miamba waliomalizwa na wakusanyaji walioongozwa na vitabu vya baba yake.

Mtu aliyeelewa kwamba siri imo nje ya tangi la maonyesho ni William Alford Lloyd, mwenye duka la vifaa vya akwaria jijini London. Akwaria za umma alizozisimamia, ile ya Hamburg iliyofunguliwa mwaka 1864 na ile ya Crystal Palace ya mwaka 1871, zilijengwa juu ya wazo moja. Chini ya jengo paliwekwa hodhi kubwa lenye giza, lenye maji mara kadhaa kuliko yale waliyoyaona watazamaji. Pampu za mvuke ziliyapandisha usiku na mchana, yakaingia matangini kwa kasi yakivuta viputo vya hewa, yakafurika kutoka tangi hadi tangi, kisha yakarudi hodhini. Gizani mwani unaochafua maji ulikufa na taka zikatuama. Maji hayakumwagwa, kilichoongezwa ni maji baridi ya kufidia yale yaliyogeuka mvuke. Lloyd aliepuka shaba katika pampu na mabomba, kwa kuwa shaba kidogo tu huua wanyama wasio na uti wa mgongo. Akwaria ya kituo cha Anton Dohrn huko Naples, iliyofunguliwa mwaka 1874, ilifuata mfumo huohuo. Katika karne nzima ya 19 hakuna uvumbuzi wa fani hii unaozidi huo kwa uzito, ila ulihitaji injini ya mvuke na ghorofa ya chini, vitu ambavyo nyumba ya kawaida haikuwa navyo.

Umeme ndio uliofungua mlango. Pampu ndogo za hewa ziliingia majumbani katika karne ya 20, na kufikia miaka ya 1950 chujio la chini ya changarawe likaenea Marekani. Muundo wake ni rahisi. Bamba lenye matundu hulazwa sakafuni mwa tangi na kufunikwa changarawe. Hewa hupulizwa ndani ya bomba lililosimama kwenye kona ya bamba. Viputo hupanda na maji, na maji mengine hufyonzwa kupita changarawe kwenda chini. Katika safari hiyo hukutana na bakteria wanaogeuza amonia. Robert Straughan wa Florida alilieneza chujio hilo katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu tangi la maji ya chumvi nyumbani. Samaki walinufaika, lakini uchafu ulijaa chini ya changarawe, naitrati ikapanda, na matumbawe yakaendelea kufa.

Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza njia iliyokuwa kinyume kabisa. Aliweka tangini mawe ya mwamba wa matumbawe yaliyotoka baharini na viumbe wake wote, akapuliza viputo vichache na kuliacha jua lifanye kazi yake. Matumbawe yake yaliishi. Wasomaji wengi wa Marekani na Ulaya, ambao hawakuwa na jua la tropiki wala bahari ya karibu, waliiona njia hiyo haiwafai, na ikakaa kando kwa zaidi ya miaka ishirini.

Miaka hiyohiyo ya 1960 ilileta silikoni, gundi iliyowezesha kuunganisha vioo bila fremu ya chuma yenye kutu, pamoja na chumvi ya bahari ya viwandani na mabomba ya plastiki yasiyotia sumu majini. Ujerumani ikatoa chombo cha kutenga povu. Viputo vidogo sana hupandishwa ndani ya mcheduara wa maji. Protini na uchafu mwingine hunata juu ya viputo, povu hupanda kwenye shingo ya chombo na kumwagikia kikombeni, likawa maji ya kahawia yenye harufu kali. Ndilo povu linaloonekana ufukweni baada ya upepo mkali. Ubora wake ni kwamba huutoa uchafu kabla bakteria hawajaugeuza naitrati.

Peter Wilkens wa Uswisi, katika kazi zake za miaka ya 1970, alieneza matumizi ya maji ya chokaa. Chokaa huyeyuka kidogo tu, chini ya gramu mbili kwa lita, na maji yake ni makali. Kwa hiyo hudondoshwa pole pole, mara nyingi usiku, mahali pa maji yaliyokwenda na mvuke. Kalsiamu yake hujenga mifupa ya matumbawe. Mtu wa Lamu au Unguja anaijua chokaa hiyo kwa njia ya upande wa pili: ni ileile iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe katika tanuri, ikajengea nyumba za mawe.

Mwaka 1986 George Smit aliandika Marekani mfululizo wa makala kuhusu matangi ya matumbawe yaliyoendelezwa Uholanzi, na tangi la chini likaingia ndani ya kabati la sebuleni. Maji hufurika juu ya ukingo, hushuka kwa bomba, husafishwa na kurudishwa na pampu. Ni mfumo wa Lloyd uliopunguzwa, baada ya miaka mia moja na zaidi. Mwanzoni maji yalidondoshwa juu ya vipande vya plastiki vilivyojaa bakteria. Baadaye njia iliyoitwa ya Berlin ikaviondoa, ikabaki na mawe hai, povu na chokaa, na mawazo ya Lee Chin Eng yakapata haki yao.

Ufundi wa mabomba ulikomaa kwa makosa ya majumbani. Bomba la kushusha maji lilikoroma usiku kucha kwa kuvuta hewa, mpaka likafungwa kichwa chenye umbo la T na tundu dogo juu. Bomba la kurudisha lilileta hasara kubwa zaidi: umeme ukikatika, maji hujivuta kurudi chini na kufurika sakafuni. Dawa yake ni kutoboa tundu kwenye bomba hilo, chini kidogo ya uso wa maji, ili hewa iingie na mvuto ukatike, na kuliachia tangi la chini nafasi tupu ya kupokea maji yatakayoshuka. Valvu ya njia moja peke yake haitoshi, kwani chumvi na konokono huikwamisha. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, nafasi hiyo tupu ipimwe kabla kioo hakijakatwa.

Pwani ya Kenya imehusika na biashara ya viumbe wa matangi haya tangu miaka ya 1970, kwa wazamiaji kukamata samaki wa mapambo wanaosafirishwa nje wakiwa hai kwa ndege. Samaki wa anemoni huzalishwa pia kibiashara tangu muongo huo, baada ya Martin Moe kufanikiwa Florida, na matumbawe mengi sasa hukuzwa kwa vipande vinavyokatwa kutoka matangi mengine. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na hayavushwi mpaka wa nchi kibiashara bila kibali.