Risasi yenye tundu kichwani: jinsi inavyochaguliwa kwa bastola ndogo nchini Marekani

Mwezi Juni mwaka 2010, wajumbe wa nchi wanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, walikutana Munyonyo, pembezoni mwa jiji la Kampala nchini Uganda, kuupitia upya Mkataba wa Roma. Miongoni mwa maamuzi yao ya tarehe 10 lilikuwamo pendekezo la Ubelgiji lililopita bila kelele nyingi: kwamba matumizi ya risasi zinazotanuka zikishaingia mwilini yahesabiwe kuwa uhalifu wa kivita hata katika vita vya ndani ya nchi, badala ya vita baina ya mataifa peke yake. Risasi ya namna hiyo hiyo huuzwa madukani nchini Marekani, mara nyingi katika visanduku vya risasi 20, kwa raia anayetaka kujilinda kwa bastola ndogo aliyoificha kiunoni. Polisi wa nchi hiyo nao huibeba kila siku.

Jambo hilo huwatatanisha wengi, na zaidi wasikilizaji wenye ndugu waliohamia Marekani, ambao huulizwa na jamaa zao wa huko ni risasi ipi ifaayo kuwekwa katika bastola ya nyumbani. Makala haya yanaeleza risasi hiyo ni kitu gani, kwa nini vita vimeikataa na polisi wakaikubali, na mambo ambayo mnunuzi wa Marekani huyapima anapoichagua.

Risasi ya kawaida ya bastola ina kichwa cha madini ya risasi kilichovikwa ganda la shaba tangu nchani. Hupenya moja kwa moja, na mara nyingi hutokea upande wa pili. Risasi yenye tundu imetobolewa nchani. Inapogonga mwili, umajimaji hujaa katika tundu hilo kwa nguvu, ukausukuma ukingo wa kichwa kufunguka nje kama ua linalochanua. Kichwa cha milimita 9 huweza kufikia upana wa milimita 15 hivi. Upana huo hufanya kazi mbili kwa pamoja: hukata njia pana zaidi, na huipunguza kasi risasi ili isitoke na kumjeruhi mtu aliye nyuma.

Asili ya marufuku ni kiwanda cha silaha cha Dum Dum, karibu na Calcutta nchini India, ambako Waingereza walitengeneza risasi za bunduki zenye ncha iliyoachwa wazi katika miaka ya 1890. Majeraha yake yaliyashtua mataifa ya Ulaya, na tarehe 29 Julai 1899 Azimio la Hague likazikataza katika vita baina ya mataifa yaliyolitia saini. Uingereza ilijiunga mwaka 1907. Marekani haikuliridhia kamwe. Hoja ya Hague ilikuwa kwamba askari aliyekwisha kuondolewa vitani hana haja ya kuongezewa mateso. Polisi wa mjini ana hoja nyingine: mbele yake yupo mtu mmoja mwenye silaha, na nyuma ya mtu huyo ipo njia ya watembea kwa miguu. Ndiyo sababu polisi wa jiji la New York waliihamia risasi yenye tundu mwaka 1998, na polisi wa London wakafuata mwaka 2011. Azimio la Kampala lenyewe lilitaja kwamba kosa hutimia tu pale risasi inapotumiwa kuongeza mateso au jeraha bila faida yoyote.

Tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Kipimo kinachotumiwa na karibu kila mtengenezaji wa Marekani kilizaliwa na msiba. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, maofisa wa Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, walipambana kwa risasi na wanyang'anyi wawili wa benki. Mmoja wa wanyang'anyi hao, Michael Platt, alipigwa mapema risasi ya milimita 9 yenye tundu. Ilipita mkononi, ikaingia kifuani, ikatanuka kama ilivyoundwa, kisha ikasimama kabla ya kuufikia moyo. Jeraha lilikuwa la kuua, lakini Platt aliendelea kupigana, na maofisa wawili, Benjamin Grogan na Jerry Dove, wakauawa; wengine watano walijeruhiwa.

Baada ya hapo FBI iliweka utaratibu wa kupima risasi kwa jelatini, yaani mchanganyiko wa maji na asilimia 10 ya unga wa jelatini, unaoigandisha mfano wa nyama laini. Risasi inayokubalika ni ile inayopenya kati ya inchi 12 na 18, sawa na sentimita 30 hadi 46. Msomaji atauliza kwa nini kina hicho ilhali kifua cha mtu hakina sentimita 46. Jibu limo katika kisa cha Miami: mtu anayeshambulia hasimami wima akiwa amekunjua mikono. Huenda risasi ikalazimika kupita kwanza kwenye mkono, au kuingia ubavuni kwa mshazari. Ripoti ya FBI ya mwaka 1989 ilivunja pia dhana ya kwamba bastola humwangusha mtu kwa kishindo. Risasi ya bastola hutoboa, basi. Hata mtu aliyepasuliwa moyo, ilisema ripoti hiyo, anaweza kuwa na oksijeni ya kutosha ubongoni kutenda kwa sekunde 10 hadi 15. Kwa hiyo mahali risasi inapoingia na kina inachofikia ni muhimu kuliko upana wake, ingawa ni upana huo ambao matangazo ya biashara hupenda kuuonyesha kwa picha.

Hapo ndipo bastola ndogo huleta tabu yake. Tundu hufunguka kwa kasi, na kasi hupatikana katika urefu wa mtutu. Glock 19, bastola ya wastani inayotumiwa sana na polisi, ina mtutu wa milimita 102. Glock 43, iliyofanywa nyembamba ili ifichike, ina milimita 87. SIG P365 ina milimita 79 tu. Risasi iliyoundwa kufunguka kikamilifu ikitoka kwenye mtutu mrefu inaweza kutoka kwenye mtutu mfupi ikiwa haina kasi ya kutosha, nayo isifunguke, ikapenya na kutoka nje kama risasi ya kawaida. Mnunuzi atakuwa amelipa bei ya juu kwa kitu kisichofanya kazi yake.

Nguo huongeza tatizo. Kitambaa kizito kikijaa ndani ya tundu huliziba, na umajimaji hauna tena pa kuingia. Ni kwa sababu hiyo majaribio ya jelatini hufanywa pia kwa kuifunika kwa tabaka nne za jinzi. Mtu aliyevaa shati jepesi la joto la Florida na mwingine aliyejifunga koti la majira ya baridi la Chicago ni majaribio mawili tofauti kwa risasi ile ile.

Watengenezaji wamejibu kwa njia mbalimbali. Speer hutengeneza Gold Dot ya mitutu mifupi, iliyoundwa ifunguke kwa kasi ndogo. Hornady, katika Critical Defense, hujaza tundu kwa kipande laini cha plastiki ili nguo isiweze kuingia. Federal HST ina tundu pana na sifa nzuri katika majaribio ya jinzi. Uzito hupimwa kwa greni: greni 124 ni gramu 8, greni 147 ni gramu 9.5. Kwa mtutu mfupi wa milimita 9, risasi ya greni 124 iliyojaribiwa kwenye mtutu wa urefu huo huo ni mahali pazuri pa kuanzia. Ile ya greni 147 hupenya vizuri na teke lake huwa pole, mradi iwe imeundwa kufunguka kwa mwendo wake wa taratibu. Alama ya +P kwenye kisanduku humaanisha shinikizo kubwa zaidi: kwa milimita 9 kikomo cha viwanda vya Marekani ni pauni 38,500 kwa inchi ya mraba badala ya 35,000. Kasi huongezeka kidogo, teke huongezeka zaidi, na katika bastola nyepesi mpigaji huchelewa kurudi kwenye shabaha. Wengi hawaihitaji. Kaliba ndogo ya .380 ina utata wake: nyingi zikitanuka hazifikii inchi 12, zikifika huwa hazikutanuka.

Lakini risasi nzuri kuliko zote katika jelatini haina thamani ikiwa inakwama katika bastola ya mwenyewe. Mdomo mpana wa tundu huweza kujikwaa unapotoka magazini kwenda chemba. Mnunuzi makini hupiga walau magazini kadhaa za risasi ile ile atakayoibeba, pamoja na mazoezi ya mara kwa mara kwa risasi za bei nafuu zenye uzito sawa. Kadhalika, risasi moja ikiingizwa na kutolewa chemba kila siku, kichwa chake husukumwa polepole ndani ya ganda, na shinikizo la baruti huweza kupanda kufikia kiwango cha hatari. Ikionekana fupi kuliko wenzake, huwekwa kando.

Wauzaji pia huacha watu waamini kwamba risasi yenye tundu ni salama kwa majirani. Ni salama kiasi, ikiwa tu imempata aliyelengwa. Iliyokosa shabaha hupita kwenye ubao wa plasta unaotenganisha vyumba vingi vya Marekani. Vumbi la plasta huziba tundu, nayo huendelea na safari hadi chumba cha pili, labda wanakolala watoto.

Sheria nazo hutofautiana. Katika jimbo la New Jersey, risasi yenye tundu inaruhusiwa nyumbani na uwanja wa mazoezi, lakini kuibeba kwingineko kunabanwa kwa masharti ambayo jimbo jirani la Pennsylvania halina. Sheria ya shirikisho, kwa upande wake, humkataza kwa jumla mgeni aliyeingia kwa viza ya muda kumiliki silaha au hata risasi moja, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kibali cha uwindaji. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mwenye ukaazi wa kudumu hawamo katika katazo hilo.

Kwa wanaorudi nyumbani kutembelea jamaa, Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015 humtaka raia awe na kibali kabla ya kushika silaha au risasi, na kibali cha jimbo la Marekani hakitambuliwi huko. Begi lililowahi kubebewa vifaa vya uwanja wa mazoezi linafaa kukung'utwa mfuko kwa mfuko kabla ya safari, kwani risasi moja iliyosahaulika humfikisha msafiri mbele ya polisi wa uwanja wa ndege, iwe ina tundu au haina.