Picha za watoto wakiogelea chini ya paa: historia fupi ya mwanga hafifu

Wasomaji wangu, leo naweka programu kando. (Si mbali sana, mtaona mwishoni.) Mwaka huu klabu ya kuogelea ya binti yangu ilitafuta mzazi wa kujitolea kupiga picha wakati wa gala, na kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta" kazi ikaniangukia. Mantiki hiyo sijaielewa hadi leo, lakini kazi nimeipenda. Bwawa lenyewe lina paa, jambo ambalo si la kawaida hapa Kenya, ambako mabwawa mengi yako wazi na jua hukufanyia nusu ya kazi. Chini ya paa unabaki na taa za darini, maji yanayometameta, na mtoto anayepita mara moja tu.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu historia hii haieleweki. Chukulia ukumbi wenye mwanga wa luksi 320 hivi na lenzi iliyofunguliwa f/2.8. Kwa ISO 100, shata inabidi ikae wazi 1/16 ya sekunde. Kila ukizidisha ISO mara mbili, muda unapungua nusu: ISO 400 inakupa 1/60, ISO 1600 inakupa 1/250, ISO 6400 inakupa 1/1000. Sasa chukulia mkono wa mtoto anayeogelea mtindo wa kipepeo unakwenda mita 4 kwa sekunde. Kwa 1/60 mkono unasogea zaidi ya sentimita 6 shata ikiwa wazi, yaani unapata moshi wenye kofia ya kuogelea. Kwa 1/1000 ni milimita 4, na hata matone ya maji yanasimama hewani. Historia yote ya picha hizi ni safari ya kutoka 1/60 kufika 1/1000.

Filamu ya Kodak Tri-X ya milimita 35 ilitoka mwaka 1954, na kwa miongo mingi ndiyo ilikuwa filamu ya waandishi wa habari, ikihesabiwa ASA 400. Waliobobea waliisukuma hadi 1600 kwa kuiacha zaidi kwenye dawa chumbani gizani, wakapoteza maelezo yote ya kwenye vivuli. Waliotaka rangi walisubiri sana: Kodacolor VR 1000 ilikuja 1983. T-Max P3200 ya mwaka 1988 ilikuwa nyeusi na nyeupe tu. Magazeti makubwa ya Marekani yalikuwa na jibu lingine, nalo lilikuwa pesa: wapiga picha wao walifunga taa kubwa za flashi kwenye dari za kumbi za mpira wa kikapu na magongo ya barafuni, zikawaka zote pamoja kila walipobonyeza. Mzazi wa kujitolea hakuwa na dari. Alikuwa na filamu ya fremu 36 na siku kadhaa za kusubiri kusafishiwa. Nadhani ndiyo sababu picha nyingi za zamani za watoto waogeleaji ni za medali shingoni na taulo mabegani, si za shindano lenyewe.

Na flashi yake ndogo? Hapa ndipo kuna jambo nililopenda kuliko yote. Kifaa cha kuanzishia mashindano hutoa mlio na pia mwako wa taa. Taa hiyo ni kwa waogeleaji viziwi, na pia kwa watunza saa, kwa sababu sauti ni ya polepole: husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Bwawa la leni 8 zenye upana wa mita 2.5 lina mita 20, kwa hiyo mlio unaotoka upande mmoja unachelewa karibu sekunde 0.06 kufika upande wa pili. (Ndiyo maana mashindano makubwa huweka spika nyuma ya kila kijukwaa.) Sasa mzazi akipiga flashi watoto wameinama tayari kuruka, ametoa ishara ya kuanza ambayo si ya mwamuzi. Kwa hiyo flashi inakatazwa wakati wa kuanza, na sawa kabisa.

Kama unadhani sekunde 0.06 ni kitu kidogo, kumbuka Beijing, 16 Agosti 2008, fainali ya mita 100 kipepeo. Michael Phelps 50.58, Milorad Cavic 50.59. Mkenya mwenzetu Jason Dunford alikuwa ndani ya maji hayo hayo na akamaliza wa tano kwa 51.47, baada ya kuweka rekodi ya Olimpiki ya 51.14 katika mchujo (haikudumu, lakini ilikuwa yake!). Picha ya Phelps akigusa bamba ilipigwa na kamera ya Heinz Kluetmeier wa Sports Illustrated iliyokuwa chini ya maji. Ukumbi ule ulikuwa wa ndani, lakini mabwawa ya Olimpiki hutakiwa kuwa na luksi 1500. Bwawa letu la Jumamosi halina hata robo ya hizo.

Kilichotuokoa sisi wa Jumamosi ni kihisi cha mwanga. Nikon D1 ya mwaka 1999 iliishia ISO 1600, na Canon EOS 300D ya 2003, iliyoshusha bei chini ya dola 1,000, iliishia hapo hapo. Kisha Agosti 2007 ikatangazwa Nikon D3: ISO 6400, na ukilazimisha 25,600. Siri yake ilikuwa kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24 kilichogawanywa kwa megapikseli 12 tu, basi kila pikseli ilikuwa kama sufuria pana wakati wa mvua. Zile chenga tunazolaumu kamera nyingi zake hutoka kwenye mwanga wenyewe: ukikusanya fotoni 100, tofauti ya bahati ni kama 10, yaani asilimia 10, ukikusanya 10,000 ni 100, yaani asilimia 1. Kamera nzuri haiondoi chenga, inakusanya mwanga zaidi. Siku hizi kuna programu za kusafisha chenga kwa akili bandia. Moja ilimwekea mtoto wa leni ya 7 meno ambayo bado hajaota. Nimeacha.

Basi mwanga si kikwazo tena, na hapo ndipo tatizo jingine likaonekana. Katika gala moja narudi nyumbani na picha zaidi ya 1,000 za watoto wa watu wakiwa na nguo za kuogelea. Zamani ugumu wa filamu ndio ulikuwa mlinzi. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa data ya mtoto, na Septemba 2023 Kamishna wa Data aliipiga shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Kwa hiyo sisimami nyuma ya vijukwaa, kamera haiingii vyumba vya kubadilishia nguo, na watoto ambao wazazi wao hawajatia sahihi sipigi.

Kugawa picha kulinisumbua zaidi. Mzazi mmoja alipendekeza utambuzi wa nyuso. Nilikataa, sitaki hifadhidata ya nyuso za watoto kwenye tarakilishi yangu. Badala yake nimeandika programu fupi ya Python. Asubuhi napiga picha saa ya ukutani ili nijue kamera imepotoka kwa sekunde ngapi, kisha programu inalinganisha muda wa kila picha na ratiba ya mashindano. Leni naijaza mwenyewe kwa mkono. Kila mzazi anapata za mtoto wake tu, na baada ya siku 30 folda nzima hujifuta. Wiki iliyopita mama mmoja alinipigia siku ya 31. Nilimwambia ukweli, na gala ijayo ni mwezi ujao.