Kabla ya Kisu: Damu Yako Inamwambia Nini Daktari?

Wengi wetu tuna jamaa bara. Kuna watoto waliokwenda kusoma Juja, kuna wenye kazi au biashara Thika na Ruiru, na wazee huwafuata huko wakitafuta matibabu. Ikifika siku ya kuambiwa mzee apasuliwe, simu hulia Mombasa, Malindi na Lamu, na swali huwa ni moja: mbona damu inatolewa mara nyingi hivi? Wako wanaodhani ni ujanja wa kuongeza bili.

Upande ule kuna Hospitali ya Ruiru ya ngazi ya 4, ile ya Thika ya ngazi ya 5, na karibu na Ruiru ipo hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Popote utakapolazwa, daktari huchagua vipimo kwa umri wako, maradhi uliyo nayo na ukubwa wa upasuaji. Kijana mzima anayetolewa kijipu hahitaji vyote anavyohitaji mzee wa sukari anayefunguliwa tumbo.

Cha kwanza ni wingi wa damu. Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu kuwa ni hemoglobini chini ya 13 kwa mwanamume, na chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Mwenye upungufu akipoteza damu kidogo tu huweza kuzidiwa. Upasuaji usio wa dharura ukiahirishwa ili atibiwe kwanza, huko si kupuuzwa.

Cha pili ni kundi la damu, na kulinganisha damu yake na ya kuongezwa. Hapo ndipo ndugu huombwa wajitolee damu.

Kisha kuna figo na chumvi za mwili, hasa potasiamu, ambayo ikizidi au ikipungua huvuruga mapigo ya moyo. Kipimo cha sukari cha HbA1c huonyesha hali ya miezi kama mitatu iliyopita, kwa hivyo kufunga kula siku mbili hakumdanganyi daktari. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hupimwa inachukua muda gani kuganda. Na sisi wa Pwani, ambako selimundu iko katika koo nyingi, tuitaje mapema.

Kipo pia kipimo cha moyo, NT-proBNP. Moyo ukielemewa, kiwango chake hupanda katika damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wa wagonjwa 10,402 wa miaka 45 na zaidi katika nchi 9, uliangalia waliopata madhara ya moyo au kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ndani ya siku 30. Wenye kiwango chini ya 100 walikuwa asilimia 5.2, wenye 1,500 na zaidi walikuwa asilimia 37.5. Si kila hospitali inacho, lakini si vibaya kuuliza.

Kwa nini haya yote? Utafiti mkubwa wa upasuaji katika nchi 25 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wanaofariki baada ya upasuaji hapa barani ni maradufu ya wastani wa dunia, na wengi wao hufariki siku za baada ya kutoka chumba cha upasuaji. Kwa hivyo kumjua mapema aliye hatarini husaidia kupanga alazwe wapi, nani amwangalie usiku, na damu iwekwe akiba kiasi gani.

Majibu ya damu hayatabiri ajali, wala majibu mazuri si dhamana. Daktari wa nusukaputi bado atakuuliza maswali, nawe umjibu kweli: dawa za hospitali, dawa za miti shamba, sigara, miraa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Waulizeni madaktari: majibu yamesemaje, na yamebadilisha nini katika mpango? Wekeni nakala. Tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha ndiyo tutawakali. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, amin.