Mataruma Yasiyoonekana

Msafiri apandaye garimoshi huitazama injini kwa furaha, huyatazama mabehewa, na akiisha kuketi huitazama nchi ipitayo dirishani. Ni mara chache sana kuyafikiri mataruma, ambayo yamelazwa chini ya reli na kuibeba safari nzima. Walakini taruma likioza reli hucheza, na reli ikicheza garimoshi huanguka pamoja na injini yake nzuri na abiria wake wote. Kwa sababu hiyo wenye reli huwa na watu ambao kazi yao ni kutembea njiani, kukagua taruma moja baada ya jingine, na kulitoa lililochakaa kabla halijaleta msiba. Watu hao hawasifiwi na abiria, maana kazi yao ikitendeka vema hakuna jambo la kusimuliwa.

Mji wa Nairobi ni mtoto wa reli. Reli kutoka Mombasa ilifika mahali pale mwaka wa 1899, na kambi ya wajenzi ikakua hata ikawa mji. Basi si ajabu mfano wa reli ukitufaa kueleza jambo lililotokea katika mji huo huo zaidi ya miaka mia moja baadaye, katika kazi ya kutunga programu za kompyuta.

Huenda wadhani, msomaji, kwamba mtu atungaye programu huiandika yote kwa mkono wake mwenyewe, toka mwanzo hata mwisho. Sivyo. Mjenzi wa nyumba hachomi matofali yake yote, wala hafui misumari yake. Vivyo hivyo mtunga programu huchukua vipande vilivyokwisha kutungwa na wengine, akavipanga na kuviunganisha, kisha akaongeza vyake. Miongoni mwa vipande hivyo, kimoja huhitajiwa karibu katika kila kazi, nacho ni kile kishughulikiacho hifadhidata. Hifadhidata ni ghala ya habari. Mlinzi wa ghala hii ni mkali, naye hufahamu lugha yake tu. Ukikosea neno moja hakupi kitu, na mwizi ajuaye kulipotosha neno moja aweza kupewa ghala nzima. Kwa hiyo kati ya programu na ghala huwekwa mkalimani, ambaye hupokea maombi, huyatafsiri sawasawa, huyapima kama yana hila, kisha huleta jibu. Mkalimani huyu ni kipande cha programu kilichotungwa na watu wengine, pengine wa nchi ya mbali, tena mara nyingi bila ya malipo. Programu imtegemeayo husimama akisimama, na huyumba akiyumba.

Vipande hivyo havikai vile vile. Watungaji wake hugundua makosa wakayasahihisha, na kila mara hutoa toleo jipya lenye nambari yake. Hapo ndipo linapozaliwa swali la insha hii: ni nani atakayetoka kwenda kulibadili taruma la zamani, na atakwenda lini?

Tuitazame habari yenyewe. Tarehe 27 Desemba 2007 Kenya ilifanya uchaguzi mkuu. Siku tatu baadaye, katika jumba la mikutano la Kenyatta lililo katikati ya Nairobi, matokeo ya urais yalitangazwa, na nchi ikaingia katika ghasia. Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Tarehe 3 Januari 2008 polisi waliizingira bustani ya Uhuru Park ili mkutano wa upinzani usifanyike. Mtu wa Kibera hakujua kwa hakika yaliyompata ndugu yake wa Eldoret, na wa Eldoret hakujua ya Kisumu. Kabla ya ghasia kutulia, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekufa, na mamia ya maelfu walikuwa wameyakimbia makwao.

Siku hiyo hiyo ya tarehe 3 Januari, Bibi Ory Okolloh, mwanasheria Mkenya, aliuliza hadharani kama kuna mafundi ambao wangeweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali palipotendeka maovu. Walioitika ni Bwana David Kobia, fundi Mkenya aliyekuwa akikaa Marekani, pamoja na Bibi Juliana Rotich na Bwana Erik Hersman. Haikupita muda mrefu, siku chache tu, ramani ikawa tayari. Mtu aliweza kutuma habari kwa simu au kwa intaneti, nayo ikaonekana juu ya ramani mahali ilipotokea. Kazi hiyo wakaiita Ushahidi, na jina lake ndilo maana yake. Fikiri, msomaji, juu ya kilichowekwa katika ghala ile. Kila mstari wa hifadhidata ulikuwa neno la mtu: hapa nyumba imechomwa, hapa njia imefungwa, hapa mtu ameuawa. Neno kama hilo likipotea halisemwi tena, maana pengine msemaji mwenyewe hayupo.

Ramani ya kwanza ilijengwa kwa haraka, kama mtu ajengavyo kibanda mvua ikimnyeshea. Baadaye iliandikwa upya ili watu wa nchi nyingine nao waweze kuichukua bure na kuitumia, na mwaka huo huo wa 2008 ilitumika mashariki ya Kongo. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, habari za waliokuwa katika shida zilipangwa juu ya ramani ya Ushahidi. Mwezi wa Machi mwaka huo mafundi wa Nairobi walifungua mahali pa kukutania na kufanyia kazi, palipoitwa iHub, katika jengo la Bishop Magua, barabara ya Ngong, upande wa magharibi ya mji. Wakenya walipoipigia kura katiba mpya tarehe 4 Agosti 2010, na tena katika uchaguzi wa 2013, programu ile ile ilitumika kupokea habari za vituo vya kura. Hivi ndivyo kibanda kilivyogeuka nyumba ya wageni wengi.

Katika kuiandika upya, mafundi waliijenga juu ya kiunzi kiitwacho Kohana, kilichotungwa kwa lugha ya PHP na kutolewa bure. Kiunzi hicho kiliwapa vitu vingi vilivyo tayari, pamoja na yule mkalimani wa hifadhidata. Je, walikosa kwa kukichagua? La. Kilikuwa kiunzi chepesi, na watu waliokuwa na haraka ya kuokoa maisha hawakuwa na nafasi ya kufua misumari.

Lakini mwaka wa 2009 watungaji wa Kohana walitoa toleo la tatu, ambalo halikuwa toleo la pili lililosahihishwa, bali lilikuwa jengo jipya. Hapa mfano wa reli watufaa tena. Reli ya zamani ya Mombasa na Nairobi ina upana wa mita moja. Ile mpya, iliyofunguliwa mwaka wa 2017, ina upana wa milimita 1,435. Zote mbili ni reli, na zote mbili zaenda Nairobi, walakini behewa la ile haliwezi kutembea juu ya hii. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kohana. Programu iliyoandikwa kwa toleo la pili haikuweza kuhamia toleo la tatu kwa kubadili nambari tu. Ilipasa kuandikwa upya. Mafundi wa Ushahidi walikuwa na watumiaji katika nchi nyingi waliokuwa wakitegemea njia ya zamani, basi wakaendelea na njia hiyo kwa miaka kadhaa.

Walipoketi kutunga toleo la tatu la programu yao wenyewe, walifanya jambo la busara lifaalo kukumbukwa. Waliyatenga mambo yaliyo yao hasa, kama vile habari ni nini, nani ana ruhusa ya kuisoma, na huwekwaje juu ya ramani, wakayaweka mbali na yale ya kiunzi. Kisa cha kufanya hivyo ni rahisi kufahamu: kiini kisichofungamana na kiunzi chaweza kuhamishwa kiunzi kikifa. Kikafa kweli. Mwaka wa 2017 Kohana ilitangazwa kuwa imestaafu, na hakuna tena aliyeahidi kuitengeneza. Ushahidi ikahamia kiunzi cha jamaa ya Laravel. Hata hivyo, mkalimani wa hifadhidata aliyetolewa katika Kohana, akapewa jina la Ohanzee, aliendelea kufanya kazi ndani ya nyumba mpya, maana maombi mengi kwa ghala yalikuwa yameandikwa kwa lugha yake. Jifunze hapa, msomaji, kwamba kuta na paa huonekana na hubadilika upesi, ila kile kilichokaa karibu kabisa na ghala hung'oka mwisho.

Yupo atakayeuliza: kuna haja gani ya kutengeneza kitu kisichovunjika? Swali hili lina haki ya kujibiwa, kwa kuwa linaulizwa na watu wengi, tena wengine wana akili nyingi. Jibu la kwanza ni kwamba tundu la programu si kama tundu la paa. Tundu la paa huonekana na mwenye nyumba kwanza. Tundu la programu, likiisha kutangazwa pamoja na dawa yake, huonekana na wezi wa dunia nzima siku ile ile. Mwezi wa Machi 2017 watungaji wa kipande kiitwacho Apache Struts walitangaza tundu lake na kutoa toleo la kuliziba. Kampuni ya Equifax ya Marekani, iwekayo habari za mikopo na madeni ya watu, ilikuwa na mahali ambapo haikuliziba. Wezi waliingia mwezi wa Mei, wakakaa ndani hata Julai, na habari za watu wapatao milioni 147 zikaibwa. Dawa ilikuwako, tena bure, miezi miwili kabla ya mwizi kubisha hodi. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenzetu hawa walijenga ukuta baada ya mali kutoka.

Jibu la pili ni kwamba deni la matengenezo lina riba. Aliye nyuma kwa toleo moja ana kazi ya siku chache. Aliye nyuma kwa matoleo kumi huikuta njia imekatika, na wale waliojua daraja lilikuwa wapi wamekwisha ondoka.

Hata hivyo haifai kukimbilia kila kipya kwa kuwa ni kipya. Toleo jipya laweza kuleta kosa jipya, na fundi mwenye pupa aweza kuibomoa ghala aliyokusudia kuilinda. Tazama watungaji wa SQLAlchemy, mkalimani wa hifadhidata kwa watumiao lugha ya Python, jinsi walivyolitatua jambo hili. Toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka wa 2006. Walipoona kwamba mambo mengi ya zamani hayana budi kuondolewa, hawakuwashtua watu. Mwezi wa Machi 2021 walitoa toleo la 1.4, lililokuwa kama daraja: yale ya zamani yaliendelea kufanya kazi, lakini fundi aliyetaka aliweza kuliagiza limwonye kila mahali palipohitaji kurekebishwa. Toleo la 2.0 likafuata Januari 2023. Aliyeyasikiliza maonyo alivuka kwa amani.

Basi ziko kanuni chache ambazo mafundi wema hushika. Huandika orodha ya kila kipande wanachokitegemea na nambari ya toleo lake, maana huwezi kukagua taruma usilojua kwamba lipo. Huiwekea ghala nakala kabla ya kuigusa, na huijaribu nakala hiyo kama yarudishika kweli. Hujaribu toleo jipya mahali pa pembeni kabla ya kulipeleka mbele ya watu. Huenda hatua moja moja. Mwenda pole hajikwai, ila na asimame njiani akalala.

Hata wakubwa hawasalimiki na wajibu huu. M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom mwezi wa Machi 2007, kwa miaka kadhaa ilitunza hesabu zake katika mitambo iliyokuwa Ujerumani. Mwezi wa Aprili 2015 ilihamishiwa mitambo mipya nchini Kenya. Mama muuza mboga wa Kangemi aliyepokea shilingi mia mbili kwa simu baada ya hapo hakuona tofauti, wala haikumpasa kuiona. Kutoonekana kwa kazi ndiyo sifa yake.

Nanyi mnaosoma katika shule zetu, huenda baadhi yenu mtakuwa mafundi wa kazi hii. Mtapenda kutunga mapya, na ni vema, kwa kuwa bila ya kijana mwenye haraka ramani ya Januari 2008 isingalikuwako. Lakini kumbukeni kwamba kutunga ni kazi ya siku chache, na kutunza ni kazi ya miaka. Tena dunia humlipa mtungaji kwa makofi na humsahau mtunzaji. Msikubali kusahau pamoja na dunia. Mtu aliyetoa ushahidi wake usiku wa hofu, kwa simu iliyobakiwa na moto kidogo, aliamini kwamba neno lake litahifadhiwa. Hakujua jina la kiunzi wala nambari ya toleo. Alitutegemea sisi tuyajue kwa niaba yake.