Hataza ya LZW na Chimbuko la Muundo wa Picha wa PNG
Chimbuko la muundo wa PNG ni mgogoro wa kisheria zaidi kuliko haja ya kiufundi. Mwaka 1987, kampuni ya CompuServe ya Marekani ilitoa muundo wa GIF, unaobana data ya picha kwa mbinu ya LZW. Waandishi wa programu waliutumia bila malipo, ilhali hataza ya mbinu hiyo ilimilikiwa na Unisys. Mwishoni mwa Desemba 1994 wakatangaziwa ada. Siku chache baadaye, Januari 1995, Thomas Boutell alisambaza rasimu ya muundo mbadala. Hata hivyo, GIF haikutoweka. Aliyebanwa alikuwa mtengenezaji wa programu, si mtazamaji. Boutell mwenyewe aliondoa uwezo wa kuunda GIF katika GD, maktaba yake ya kuchorea picha za tovuti, akaurejesha mwaka 2004, hataza ilipokwisha muda.